Maoni Yako Yako Wapi, Mapendo?

Mapendo mwanangu,

Kuanzia Kalundu mpaka Baraka hakuna mtu mwenye bahati kama baba yako, na ukitaka nitaongeza na ng'ambo ya Burundi. Kisa unakijua. Nimekisimulia katika arusi, nimekisimulia matangani, na siku ya ubatizo wa mdogo wako nilikisimulia mpaka padri akasahau maji. Siku ya mwisho ya waasi, watu wanakimbia mji, minye, mimi huyu, nilikuwa nimekwisha kukaa ndani ya boti la kwenda Kigoma, juu ya gunia la mchele, mahali pazuri kama kiti cha gavana. Nikakumbuka kofia yangu imebaki depo, kule ghalani. Nikashuka kuifuata. Niliporudi, boti limeondoka. Halijafika hata Makobola likajaa maji, wavuvi wakawatoa watu mmoja mmoja kama ndagala wavuni, mali yote ikaenda chini, na baba yako amesimama Kalundu, mkavu, kofia kichwani. Watu wakasema huyu amezaliwa na nyota. Nikawaambia hapana, nyota ndiyo iliyozaliwa na minye.

Sasa ni alasiri, na kesho asubuhi unaondoka. Mama yako anafunga sanduku lako mara ya tatu, kwa sababu kila akilifunga anakumbuka kitu cha kuongeza. Mambo ya blanketi, sabuni, ndagala kavu, na nani wa kumsalimu ukishuka, hayo si yangu. Mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena pale ufukweni mpaka boti liwe mbali asisikike. Minye nina jambo moja tu, ile redaksio, ile insha ya Kiingereza ya kutoa maoni. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ukianza kusema neno la kweli, kicheko kinaupita njiani. Kalamu ni nzito kidogo, labda itanitia adabu.

Masista wa kule Kigoma wamesema watachukua wasichana wachache, na anayeshindwa mtihani wa Kiingereza anarudi na boti lilelile. Na ukirudi, unajua baba yako mkubwa Zakaria wa Mutarule anakungoja na yule mchumba aliyekuchagulia, mwenye shamba la mpunga. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni karatasi tu.

Unakumbuka Jumapili ile Mwalimu Yeremia alipokuja na kaye yako, lile daftari lako la shule, kwapani. Mtu yule amefundisha Ujiji miaka mingi, anasema Kiingereza hata na mbuzi wake. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha bandarini, "Gudi moningi, wochi yo hedi!" Akanijibu kwa upole kwamba ilikuwa jioni. Wewe ulificha uso katika kanga ya mama yako.

"Baba Mapendo," akasema, "mtoto wako iko na akili. Maneno anayo, anayapanga vizuri. Lakini ona hapa."

Nikaona. Kilikuwa Kiingereza, kwa hiyo nilitikisa kichwa kama daktari. Mwalimu ni mtu mwema, hakuniaibisha, akanifasiria. Swali lilikuwa: ni vema mtoto wa kike aende kusoma mbali na kwao? Toa maoni yako. Nawe uliandika kurasa mbili safi. Ulisema kusoma mbali ni kuzuri, ukatoa sababu tatu. Kisha ukasema kubaki nyumbani nako ni kuzuri, ukatoa sababu tatu, umezipima sawasawa kama muuza chumvi anayeogopa kugombana na jirani. Mwisho ukamaliza: Kwa hiyo wote wanasema kweli. Chini yake Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili, nadhani ili hata minye nisome: Maoni yako yako wapi?

Nikacheka. "Mwalimu, hiyo njo adabu. Nimemlea vizuri."

"Adabu hiyo itamrudisha Uvira," akasema. "Msahihishaji anajua kwamba kuna pande mbili, yeye ndiye aliyezitunga. Anataka kujua Mapendo anasimama wapi, na kwa nini."

"Na akisimama upande mbaya?"

"Kwenye mtihani hakuna upande mbaya, Baba Mapendo. Kubaya ni kutosimama." Kisha akakugeukia. "Nani amekufundisha kumaliza hivi?"

Uliniangalia tu, halafu ukaangalia chini.

Mwanangu, nimepigwa na wengi kwa maneno, nimetukanwa na makarani wa lugha nne, lakini jicho lile la Jumapili ndilo limenikalisha leo na kalamu.

Ngoja nikueleze nilivyokuwa hivi. Shule nilisoma kalasi tano, ya sita niliiangalia kwa dirisha. Kalasi zangu zilizobaki nilisomea bandarini, na somo la kwanza pale Kalundu lilikuwa hili: anayekubaliana na kila mtu anakula mara mbili. Mzungu wa depo akisema wachukuzi ni wavivu, nasema ndiyo, Bwana, hasa wale wa asubuhi. Wachukuzi wakisema Mzungu ni mwizi, nasema ndiyo, ndugu zangu, hasa siku ya mshahara. Nikafanywa kapita, mkubwa wa wachukuzi. Nadhani ilikuwa kwa sababu hiyo, ingawa nyumbani nilisema ni kwa sababu ya nguvu.

Ukaja uhuru. Vyama vikawa vingi kuliko mikate. Mwenzangu mmoja akachagua chama, mwingine akachagua kingine, wakaacha kusalimiana. Minye nilinunua karti za vyama vitatu. Moja mfuko wa shati, moja katika soksi, moja ndani ya kofia. Nikajiona waziri. Basi siku moja, karibu na daraja la Mulongwe, vijana wakanisimamisha. "Karti!" Nikaingiza mkono kwa haraka, nikatoa karti. Nilipoona nyuso zao nikajua nimekosea mfuko.

"Weye mzee! Hii ni karti ya nani?"

"Ya adui yenu," nikasema. "Nimemnyang'anya sasa hivi, natafuta viongozi niwape."

Walinibeba mabegani mpaka sokoni wakiimba. Na sokoni nani wamesimama? Wenye karti ile. Ikabidi niugue tumbo ghafla, nikashushwa, nikalala nyuma ya mafungu ya mihogo mpaka wote wakaenda kula. Mama yako alinikuta pale. Akaniuliza, "Baba Mapendo, lakini weye mwenyewe unapenda chama gani?" Nikamjibu, "Kile kitakachoshinda." Alicheka. Lakini hakucheka kwa meno yote, na minye sikuhesabu meno.

Halafu wakaja waasi na majani yao kichwani, nikapiga kelele yao. Wakaja askari wa serikali, nikapiga kelele ya askari. Koo hili limetumikia serikali nne na halijapewa pensheni. Mji mzima watu wakichapwa kwa neno moja, mimi sikupigwa hata kofi, na jambo hilo nililivaa kama nishani.

Usinielewe vibaya. Simcheki mtu aliyepiga kelele siku zile ili watoto wake wamwone asubuhi. Kulikuwa na siku ambazo kunyamaza kulikuwa chakula. Kosa langu ni jingine. Siku za hatari zilikwisha, watu wakarudi, wakapaka nyumba chokaa, wakaanza tena kugombana kwa raha juu ya mipaka ya shamba na bei ya ndagala, na minye nikaendelea kukubaliana. Nilikuwa kama mtu aliyejikunyata kwa ajili ya mvua, mvua imekatika, jua limewaka, yeye bado amejikunyata, na anawaambia watu kwamba hiyo ndiyo staili.

Sasa nakuja kwenye kinachoniuma, na hapa sina mzaha. Ile siku ya baraza letu la nyumba, mwezi uliopita, Zakaria alipokuja na kuku mmoja na maneno kumi. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Usikatae, niliona vidole vya miguu.

Yaya wangu, huyo kaka yangu mkubwa, alisema alichosema. Kwamba umekua, kwamba mchumba ni mtu wa heshima, kwamba ng'ambo ya ziwa kuna watu tusiowajua. "Na akiugua kule," akauliza, "nani atampa maji?" Swali lilikuwa zuri. Ndipo mama yako akatoka jikoni, unga wa muhogo mikononi mpaka kwenye kiwiko, akasimama. Hata hakupangusa.

"Shemeji, minye nasema Mapendo aende," akasema. "Mwaka ule tulipovuka mto Ruzizi tukikimbia vita, walinipa karatasi kambini. Ilikuwa ya lugha nisiyoijua. Wakasema weka dole gumba, nikaweka. Mpaka leo sijui niliweka dole juu ya nini. Sitaki mtoto wangu aweke dole. Na huyo bwana wako wa mpunga, shamba lake Ruzizi ililibeba mwaka juzi, akaja hapa kuomba mbegu. Leo unaniambia njo ukuta wa kumwegemezea mtoto?"

Zakaria akafungua mdomo. Mama yako akainua mkono mweupe.

"Ngoja. Hilo la kuugua umesema kweli. Linanikosesha usingizi kuliko weye. Akiugua, minye sitakuwapo. Nimemuuliza Mwalimu. Masista wana zahanati, na dada yake Mwalimu anakaa Ujiji, mtu anafika kwa miguu. Yule si minye. Lakini ni mtu, na ana maji. Kwa hiyo aende."

Akarudi jikoni. Nilipomhadithia Mwalimu Yeremia, alipiga paja lake. "Ndiyo hiyo!" akasema. "Ndiyo redaksio yenyewe! Amesema anaposimama tangu neno la kwanza. Ametoa sababu za maisha yake, si za kuokota. Amempa mpinzani haki yake kwa hoja moja, hakuificha. Amejibu. Amefunga. Mama yako, Mapendo, hajui neno moja la Kiingereza, na angefaulu." Mkumbuke huyo mama wa unga ukikaa mbele ya ile karatasi. Usimkumbuke baba yako.

Maana ulisikia kilichofuata. Zakaria akanigeukia, amejeruhiwa, anatafuta mtu wa kumshika mkono. "Na weye mwenye nyumba, unasemaje?"

Nikasema, "Yaya, ninyi wote mnasema kweli."

Watu wakacheka, hata Zakaria. Tukala kuku wake. Na mimi nikasikia nyayo zako nyuma ya pazia zikiondoka polepole, kama za mtu aliyekuja dukani akaambiwa hakuna. Wiki iliyofuata sentensi yangu ilikuwa kwenye kaye yako, imevaa Kiingereza.

Basi leo, Mapendo, nakupa jibu nililokunyima siku ile. Nimechelewa mwezi mzima, lakini boti bado liko ufukweni. Maoni yangu ni haya: nataka uende. Nataka kwa sababu umenizidi akili tangu ukiwa na miaka tisa, siku uliponionyesha kwamba nimehesabu magunia mara mbili, ukaninong'oneza ili wachukuzi wasisikie. Nataka kwa sababu nyumba hii ina mtu mmoja tu anayesema anachofikiri, naye amechoka kuwa peke yake. Zakaria ana haki katika jambo moja ambalo hata yeye hakulisema: ukienda, hutarudi uleule. Utarudi unakula kwa namna nyingine, labda utaona haya nikisalimu wageni kwa wochi yo hedi. Hilo nimelipima. Nimeona ni afadhali binti anayenionea haya kuliko binti anayeninakili. Nimefunga. Mwambie Mwalimu anipe alama.

Na wiki hii umenifurahisha kuliko nilivyokuonyesha. Zile jioni zetu kule ufukweni, kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, wewe na kaye yako na minye mpinzani wa kulipwa kwa karanga. Jumatatu nilikuambia ndagala mbichi ni bora kuliko kavu, ukaanza vizuri, halafu nilipokunja uso kidogo tu ukakimbilia katikati: "Lakini Baba, kila moja ina uzuri wake." Jumanne vilevile. Jumatano uliandika kwa Kiingereza, saa ya Mwalimu mkononi, dakika arobaini, ukaja kunisimulia kwa Kiswahili, nami nikakuuliza, sasa uko upande gani? Ukafikiri sana, ukasema, "Karibu na kavu." Nilicheka mpaka wavuvi wakageuka. Msahihishaji asiyejua Kiingereza ni msahihishaji mzuri, maana hababaishwi na maneno makubwa. Anauliza tu, uko wapi?

Lakini Alhamisi! Nilisema, ili kukuchokoza tu, kwamba wavuvi wa siku hizi hawana akili kama wa zamani. Ukafunga kaye. Ukasema, "Baba, si kweli." Hukusema "labda", hukusema "samahani". Ukasema si kweli, na ukanipa sababu, taa, nyavu, majina ya watu, na ukakubali kwamba wa zamani walijua upepo vizuri zaidi, kisha ukaniambia kwamba kujua upepo hakuzuii mtu kununua taa. Nilinuna kwa nje. Kwa ndani nilikuwa nacheza ngoma. Wale wavuvi wawili waliokuwa wanashona wavu walisikia, mmoja akasema, "Kapita, leo umepatikana!" Nikamwambia, nyamaza, huyu nimemzaa minye. Nilijivuna njia nzima mpaka nyumbani.

Nikueleze pia jambo moja la kazi yangu, kwa kuwa hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kulisema bila chumvi. Watu wanafikiri kapita kazi yake ni kupiga kelele. Kelele ni mapambo tu. Kazi yenyewe ni dakika moja, mizigo ikiisha kupangwa. Kabla boti halijasukumwa, nahodha anasema, "Kapita, weka mkono." Hapo unainama, unasimamisha mkono wako kwenye ubavu wa boti, kiwiko kinagusa maji, vidole vinaangalia juu. Vidole vikiishia chini ya ukingo, boti ni jepesi, liende. Vidole vikichungulia juu ya ukingo, boti limezidiwa, mzigo ushuke. Halafu unasema. Watu wote kimya wanakungoja. Mwenye boti anataka useme liende. Wasafiri wanataka useme liende. Hata jua linataka. Na wewe una mkono mmoja uliolowa.

Ninalotaka kusema ni kwamba maoni yanatoka hapo. Ziwa halisomi sura za watu. Usianze kwa kuangalia nani anakunja uso. Weka mkono kwanza, ona ulichoona, halafu sema ulichoona, na sema sababu yake ni huu mkono. Mtu mwingine ana mkono mrefu kuliko wako? Mwache auweke, mpime tena. Lakini usinyanyuke ukasema boti ni zito na jepesi pamoja.

Sasa. Jana Mwalimu amekupa swali la mwisho la kujizoeza: mafanikio ya mtu yanaletwa na bahati au na juhudi? Ulikuja mbio kunieleza. Umechagua bahati, umesimama, nimependa. Mwalimu amekufundisha kwamba msahihishaji anapenda mfano kutoka maisha yako mwenyewe, na ukaniambia, macho yanang'aa, "Baba, mfano ninao! Kofia yako! Nikipata swali kama hili nitaweka kofia yako!" Na ukanisomea mistari mitatu kwa Kiingereza, nikasikia neno Kalundu ndani ya lugha ile, na nikapiga makofi.

Nilipiga makofi, mwanangu. Halafu sikula.

Maana utakwenda kusimama juu ya mfano ule mbele ya watu wasiokujua, na hiyo itakuwa mara yako ya kwanza kusimama. Siwezi kukuacha usimame juu ya kitu nilichokipanga mimi bila kuweka mkono. Kwa hiyo sikiliza, halafu tafuta mfano mwingine. Chukua dole gumba la mama yako. Lile ni la kweli.

Siku ile nahodha alikuwa Sadiki, yule ambaye leo anashona nyavu za watu Kalundu. Unamjua, ndiye aliyekutengenezea ngoma ya bati ulipokuwa mdogo. Ninyi mlikuwa mmekwisha kuvuka Ruzizi. Kalundu ilijaa watu na cherehani na magodoro, na tajiri mwenye boti alikuwa anapaaza sauti, "Ingiza! Ingiza!" Hakukuwa na bunduki hata moja pale ufukweni, nataka ulijue hilo. Askari walikuwa bado mbali. Walikuwapo watu tu, na haraka.

Sadiki akasema, "Tajiri, boti iko muzito. Tushushe magunia, batu babaki."

Tajiri akasema, "Iko vizuri! Safari ya mwisho ilikuwa zaidi ya hii."

Wakabishana. Halafu Sadiki akanigeukia, kwa imani kabisa, kama mtu anayeita shahidi wake. "Kapita, weka mkono."

Nikauweka. Kiwiko majini. Vidole vyote vilikuwa juu ya ukingo, na nusu ya kiganja pia. Sijawahi kuona boti limekaa chini hivyo. Nikanyanyuka. Tajiri ananiangalia, wasafiri wananiangalia, Sadiki ananiangalia.

Nikasema, "Ninyi wote mnasema kweli."

Wakacheka, Mapendo. Katika siku ile ya hofu watu walicheka, na nikaona fahari. Sadiki naye akacheka, akatikisa kichwa, akawasha mashini, maana kama kapita hakukataa basi si mbaya sana. Nikapanda, nikakaa juu ya gunia langu. Nikaona maji yalivyo karibu na mkono wangu, ingawa nilikuwa nimeuweka tu kwenye paja.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu kila siku kwa wale wavuvi wa Makobola. Lakini tajiri alisema Sadiki aliendesha vibaya, na mji ukaamini, na hakuna aliyempa boti tena. Anajua kwamba alisema kweli. Hajui kwamba minye nilijua. Kila akiniona ananiita "Mwenye Bahati", na mimi namjibu kwa kisa kile, naye anakisikiliza mpaka mwisho. Kesho boti lako likiisha kupotea machoni nitakwenda kukaa naye pale kwenye nyavu zake, nimwambie, na tajiri nimwambie, na sokoni. Naogopa kuliko nilivyoogopa vijana wa daraja la Mulongwe. Huyo mama wa unga amesema tutakwenda wote wawili, lakini ni mimi nitakayesema.

Sikusahau kitu depo siku ile. Kofia ilikuwa kichwani. Nilijua boti limezidiwa, nikashuka peke yangu nikanyamaza, na hiyo bahati ninayojisifia ni uongo.